Ushauri: Nipunguze uzito wa Starlet au niweke turbo?

Mwendo_wa_Rongai: Wadau, habari za jioni. Nina Toyota Starlet ya lita 1.3 isiyo na turbo (kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), nataka kuiingiza autokrosi, zile mbio fupi za kupimwa muda. Marafiki wanasema turbo tu. Mimi nasoma habari za McLaren F1, lile gari la kasi la barabarani, na usingizi umenitoka: injini ya V12, gari zima kilo 1,138! Fundi wangu wa Grogan, kule kwenye gereji za Nairobi, ameshaleta grainda. Atatoa viti vya nyuma na zulia, kisha akate vyuma vya ndani ya milango. Nimruhusu?

Mzee_wa_Gereji: Viti na zulia atoe. Vyuma vya milango asiviguse kabisa! Ndivyo vinavyokukinga ukigongwa ubavuni.

F1 haikupata wepesi kwa kukatwakatwa. Mbunifu wake Gordon Murray, mzaliwa wa Durban (Mwafrika mwenzetu, jamani), aliunda kiunzi cha nyuzi za kaboni, kisha akauliza kila kitu kina kazi gani. Usukani hauna pawa, breki hazina ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame), redio hakuna. Hata spana za gari zilikuwa za titani. Na ile dhahabu kwenye chumba cha injini si urembo, inarudisha joto lisiunguze kaboni.

Torki_Tamu: Mkumbuke pia tuko Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hapa hukosa kama asilimia 15 ya nguvu zake, kwa hiyo wanaokwambia turbo hawajakosea sana. Lakini turbo inataka intakula (kipoza hewa), mafuta zaidi, gia boksi ya kuhimili, na vyote hivyo vinalemea pua ya gari ambayo tayari ni nzito.

Dada_Spana: Anza na magurudumu. Kilo ya kwenye rimu inasukumwa mbele na bado lazima izungushwe, na kila shimo shoki inahangaika nayo. Ukienda Kirinyaga Road beba mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza mkaa. Rimu nyingi za aloi zinang'aa lakini ni nzito kuliko za chuma ulizo nazo. Muuzaji atakuangalia vibaya, wewe pima tu. Na usizidi inchi 14.

Mwendo_wa_Rongai: Asante dada. Na boneti ya kaboni je?

Dada_Spana: Igeuze kwanza. Ukiona nyuzi nyeupe upande wa chini, hiyo ni faiba ya kioo (fiberglass) iliyovishwa kitambaa cha kaboni. Unalipia sura.

Kijana_wa_Umoja: Mi naona afunge feni nyuma kama Murray kwenye gari lake jingine, T.50 😂

Mzee_wa_Gereji: Feni ile ina upana wa sentimita 40, na sakafu ya gari ilichorwa pamoja nayo ili hewa ifyonzwe kutoka chini. Ya kwako itafyonza murram.

Mwendo_wa_Rongai: 😂 Basi naanza na rimu. Nani ana mizani ya kuazima?

Torki_Tamu: Ninayo, inapima hadi kilo 50. Pitia South B Jumamosi, ila betri yake ununue.