Gesti ya ghorofa moja Mikindani: Zimamoto wanataka nini kabla haijafunguliwa?

Mjenzi wa Kusini

Habari za humu wakuu. Kuna gesti iko hatua za mwisho hapa Mikindani, Mtwara. Chini vyumba 6, mapokezi na jiko; juu vyumba 8 na korido moja ndefu. Ngazi ni moja, iko katikati. Uani kuna banda la makuti la kulia chakula, liko kama mita 2 tu kutoka ukuta wa jiko. Madirisha yote yana grili za kuchomelea, na umeme umeshasukwa.

Fundi anasema tununue mitungi mitano ya poda ya kuzimia moto, wakaguzi wakija watatupa cheti. Mwingine anasema bila king'ora na mpira wa maji cheti hakitoki. Mwenye kujua naomba hatua zenyewe, mitungi ya aina gani na mingapi, na hilo banda tulifanyeje.

Mzee wa Ligula

Mjenzi, mitungi iache iwe ya mwisho. Anza na ngazi na grili, kwa sababu hivyo vikikataliwa unavunja, na kuvunja baada ya rangi ni hasara mara mbili.

Utaratibu kwanza. Sheria ni ile ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Na. 14 ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za ukaguzi na vyeti. Nyumba ya kulala wageni inakaguliwa, inalipiwa, inapewa cheti, na cheti kinahuishwa kila mwaka. Ramani ilitakiwa ipite kwao wakati wa kuomba kibali cha ujenzi manispaa. Kama haikupita, chukua nakala uipeleke ofisi ya Zimamoto ya mkoa sasa hivi, kabla hujafunga dari, pamoja na barua ya kuomba ukaguzi. Mkaguzi atakuja, ataandika mapungufu, utarekebisha, atarudi kuhakiki. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Hela ya mkononi usimpe mtu.

Sasa ngazi. Vyumba 8 juu na ngazi moja ya wazi katikati ndilo tatizo kubwa la jengo lako. Moto ukianzia mapokezi, au kwenye kile kistoo cha chini ya ngazi ambako gesti nyingi huweka magodoro mabovu, jenereta na dumu la petroli, moshi wote unapanda kwa njia ileile ambayo wageni wanataka kushukia. Dakika chache korido ya juu haipitiki, hata kama moto wenyewe haujapanda. Kwa hiyo fanya mambo mawili.

La kwanza, ngazi ya pili ya chuma, nje, mwisho wa korido. Iwe ya kunyooka, si ya kuzunguka. Upana usipungue sentimita 90, vidato vyote vilingane kimo, na isipite mbele ya dirisha la jiko. Hapa ni pwani, chuma cha kawaida kinaliwa na chumvi kuanzia kwenye maungio ya kuchomelea, kwa hiyo tumia kilichopakwa zinki, na kila unapochomelea upake tena. Mlango wa kutokea ufunguke kwa nje na uwe na komeo la kusukuma au la kuzungusha kwa mkono. Ufunguo uliotundikwa pembeni kwenye msumari haukubaliki, usiku wa moshi hakuna atakayeuona.

La pili, zuia ngazi ya katikati kwa ukuta na mlango unaojifunga wenyewe. Mlango wa mbao ngumu wa unene wa milimita 44, ukikaa vizuri kwenye fremu yake, unaweza kuhimili kama nusu saa. Ile milango ya plaiwudi yenye uwazi ndani usiiweke hapo, inaungua kama karatasi. Na kistoo cha chini ya ngazi ukiache kitupu au ukizibe kabisa.

Grili: kila chumba kiwe na angalau dirisha moja ambalo grili yake ina bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Nafasi ya kupita mtu ni sentimita 45 kwa 75, na ukingo wa chini usizidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Pima baada ya kufungua, usipime fremu. Dirisha la alumini la kuteleza hufunguka nusu tu: la sentimita 120 linatosha, la sentimita 90 linakuachia kama 40, mtu mzima hapiti. Hapo badilisha, weka la kufungua kwa nje. Najua mtaniambia habari ya wezi. Komeo likiwa ndani, na nyuma yake ukachomelea bati dogo la kuzuia mkono usiingie kutoka nje, mwizi halifikii.

Fundi Saketi

Nakubaliana na Mzee. Naongezea umeme, kwa sababu gesti zetu nyingi huungulia kwenye hita ya bafuni na kiyoyozi.

Hita ya papo hapo ya kilowati 5.5 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Fundi akiiunga kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 wenye breka ya ampea 20, itakuwa inakatakata wageni wakioga mfululizo. Mwenye gesti akilalamika, breka inabadilishwa kuwa ya 32, haikati tena, kila mtu anafurahi. Ila sasa breka hailindi waya, na waya unapikika ndani ya dari kila hita ikiwaka. Hita iwe na saketi yake peke yake, waya wa milimita 6, breka ya 32. Taa milimita 1.5 na breka ya 10. Soketi milimita 2.5 na breka ya 20. Kiyoyozi nacho kiwe na saketi yake.

Weka kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, kwa bafu na soketi zote. Kisiwekwe kimoja kwa jengo zima, hitilafu ya chumba kimoja itazima wote na matokeo yake mtu atakiruka. Kaza skrubu za bodi tena baada ya miezi michache ya matumizi: kiungo kikilegea kinapata moto, na hapo breka haikati kwa sababu mkondo haujazidi. Alama yake ni plastiki kugeuka kahawia karibu na skrubu.

Jenereta ikae nje, na iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia, si kwa waya wenye plagi pande mbili. Kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), maana mkaguzi anaweza kukuomba hati ya upimaji wa umeme.

Mjenzi wa Kusini

Asanteni sana. Hita zimeungwa kwenye soketi kweli, tutasuka upya. Na banda? Kuna mtu anauza dawa ya kupulizia makuti, anasema hayashiki moto tena.

Bi. Chikongola

Dawa zipo, nyingi ni chumvi za borati au fosfati. Zinapunguza kasi ya moto, hazifanyi makuti kuwa bati. Tena huyeyuka kwa maji, kwa hiyo masika moja tu huondoa sehemu kubwa na inabidi upulize upya. Anayekwambia ni ya kudumu, chukua kuti moja alilopulizia, liloweke maji usiku, likauke, kisha liwashie kiberiti mbele yake.

Umbali ndio dawa. Mita 2 kutoka jikoni hazitoshi hata kidogo. Kipindi cha kusi upepo unabeba vipande vya makuti vinavyowaka hadi paa la jirani. Kama kiwanja kinaruhusu, hamisha banda lifike mita 10. Kama hakiruhusu, vua makuti upande ulio karibu na jiko uweke bati, na ukuta wa jiko unaotazama banda usiwe na dirisha wala tundu la feni. Waya za taa za bandani zipite ndani ya bomba la chuma kwenye nguzo, zisilazwe juu ya makuti, na taa ziwe za LED. Jiko la mkaa na nyama choma vikae nje ya kivuli cha makuti, upande ambao upepo unatoka bandani kwenda kwenye moto huo, si kinyume chake.

Gesi: mitungi mikubwa ikae nje, kwenye kizimba cha nondo chenye uwazi chini. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kuingia kwenye mtaro, kwa hiyo kizimba kiwe mbali na mfereji, chemba na madirisha ya chini. (Gesi asilia ya bomba, hii ya kwetu ya Mnazi Bay, ni nyepesi na hupanda, kwa hiyo siku ukiunganishwa tundu la hewa litatakiwa juu.) Kutoka kizimbani hadi jikoni tumia bomba la shaba au chuma lenye valvu ya kufungia karibu na mlango. Mpira uwe wa kuunganishia jiko tu, usizidi mita 1.5, usipite ukutani, na usome tarehe iliyochapwa juu yake. Kila mkibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungo.

Mtungi Mwekundu

Nimalizie mitungi na king'ora.

Poda mitano kila mahali si mpango mzuri. Poda ndani ya korido inafunga macho na pumzi, na wageni ndio wanatakiwa wapite hapo. Kwa vyumba weka ya maji ya lita 9 au ya povu, miwili chini na miwili juu, karibu na ngazi na milango ya kutokea, isiwe ndani ya ofisi iliyofungwa. Karibu na bodi ya umeme weka wa kaboni dayoksaidi wa kilo 2. Jikoni blanketi la moto, na kama mnakaanga kwa karai kubwa, mtungi maalumu wa kuzima moto wa mafuta ya kupikia. Poda ya kilo 6 iwe moja, nje karibu na jenereta na kizimba cha gesi. Hesabu ya mitungi inafika sita au saba, lakini mkaguzi ndiye mwenye neno la mwisho, atakachoandika ndicho ufuate.

Mitungi itundikwe, isikae sakafuni: kwa unyevu wa Mikindani kitako kinaoza kabla ya mwaka kwisha. Mshale wa presha uwe kwenye kijani. Wa kaboni dayoksaidi hauna mshale, unapimwa kwa mizani, ukipungua zaidi ya asilimia 10 ya gesi unajazwa. Ukinunua, angalia kama pini ina lakiri na kama kibandiko cha huduma kina tarehe.

King'ora: vihisi moshi korido zote na kila chumba, ila jikoni weka kihisi joto, la sivyo kila asubuhi chapati zinaamsha wageni na baada ya wiki mtu anachomoa betri. Vitufe vya kubonyeza viwe kwenye kila mlango wa kutokea. Mlio upimwe kitandani, mlango umefungwa na kiyoyozi kinanguruma, ufike desibeli 75.

Mpira wa maji una mtego mmoja. Watu huunga kwenye simtanki ya juu ya mnara wakidhani inatosha. Mita 10 za kimo ndizo zinatoa presha ya baa moja tu. Mnara wa mita 9 ukiwa na mpira ghorofani kwenye mita 4 unapata nusu baa, maji yanadondoka miguuni. Unahitaji pampu, na waya wake utoke kabla ya swichi kuu ya jengo, kwa sababu moja ya mambo ya kwanza kwenye moto ni kuzima swichi kuu. Maji ya matumizi yatolewe kwenye tanki kwa bomba lililo juu kidogo ya nusu, la zimamoto litoke chini kabisa. Kwa tanki la lita 2,000 utabaki na zaidi ya lita 1,000 wakati wote, ambazo kwa mpira mmoja wa lita 30 kwa dakika ni nusu saa na ushei.

Hiyo nusu saa unaihitaji. Namba ya dharura ni 114, na Mikindani ni kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, halafu kuna vichochoro. Geti liwe na upana wa mita 3.5, na kama mmejenga linta juu ya geti kwa urembo, iwe mita 4 kwenda juu au muivunje.