Muuaji anayebadilisha silaha kila shambulio: msomaji atakubali?

Kalamu Usiku: Wakuu, naombeni ushauri. Naandika riwaya ya upelelezi. Muuaji wangu anatumia bastola moja mwanzoni, nyingine katikati, na kuelekea mwisho anatumia kisu. Mhariri amenirudishia mswada. Anasema muuaji wa mfululizo huwa na silaha yake moja, akibadilisha msomaji atadhani mwandishi amejisahau. Sikubaliani naye ila sina hoja. Mtu kama huyo angebadilisha silaha kwa nini? Nawasilisha.

Mtafuta Njia: Anakwepa kukamatwa tu, mkuu. Bastola huacha alama kwenye risasi na maganda, wataalamu wakilinganisha wanajua ni silaha ileile. Berkowitz, muuaji wa mfululizo wa New York, alitumia bastola ya kaliba .44 (kaliba ni kipimo cha upana wa risasi) mwaka 1976 na 1977 mpaka magazeti yakampa jina la silaha hiyo.

Nyaraka: Sababu hiyo ipo, lakini ukiitegemea peke yake riwaya itakuwa nyepesi. Soma habari za Zodiac, muuaji wa mfululizo wa kaskazini mwa California. Desemba 20, 1968, aliua vijana wawili Lake Herman Road kwa kaliba .22. Julai 4, 1969, huko Vallejo, ikawa bastola ya milimita 9. Septemba 27, Lake Berryessa, alikuja na bastola, watu wakafungwa kamba, halafu akatumia kisu. Oktoba 11 akampiga risasi dereva wa teksi San Francisco, milimita 9 tena.

Sasa kama alikuwa anaficha kwamba ni mtu mmoja, mbona baada ya shambulio la Julai aliwapigia polisi simu na kudai mauaji ya Desemba pia ni yake? Mbona pale Berryessa aliandika tarehe za mashambulio kwenye mlango wa gari la waathirika, akaongeza kuwa safari hii ni kwa kisu? Kwenye barua zake kwa magazeti alitaja hadi chapa ya risasi. Huyu alitaka ajulikane, na alijitambulisha kwa maneno. Mhariri wako ajibiwe na kesi hiyo.

Mama Tatu: Naongezea kidogo. Wapelelezi hutenganisha namna mtu anavyotenda na kile anachokitafuta kwa kutenda. Silaha iko upande wa kwanza, na upande huo hubadilika kwa mambo ya kawaida kabisa: alichonacho siku ile, mahali palivyo, alivyozoea. Usilazimishe kila badiliko liwe na fumbo. Na tafadhali, walionusurika uwape sauti. Vallejo na Berryessa kuna watu walibaki hai wakaeleza walichokiona, na bila wao tungekuwa tunamsikiliza muuaji peke yake.

Kalamu Usiku: Asanteni sana, hilo la walionusurika sikuwa nimelifikiria. Ila nimekwama sehemu moja: silaha zikitofautiana, mpelelezi wangu anaunganishaje kesi?

Nyaraka: Kwa kinachojirudia. Mashambulio matatu ya kwanza ya Zodiac yalikuwa kwa watu wawili wawili, sehemu za faragha. Dereva wa teksi hakufanana nao hata kidogo, alikuwa peke yake, ndani ya jiji, na mwanzoni polisi waliona ni ujambazi. Kilichounganisha ni kipande cha shati la marehemu chenye damu, ambacho muuaji mwenyewe alikituma kwa gazeti la San Francisco Chronicle. Kwa hiyo mwache mpelelezi wako aifungue kesi ya tatu kama wizi, ahoji watu wasiohusika, na bahasha ifike akiwa ameshaelekea kwingine kabisa.