Naomba ushauri: IST namba D, kilomita 86,000, bodi nzuri ila gia inachelewa kuingia

Mwalimu_Mlandizi

Habari za jioni wakuu. Kwa muda mrefu nimekuwa nasoma tu bila kuchangia, leo yamenifika.

Mimi ni mwalimu, naishi Mlandizi, nafundisha Kibaha. Miaka sita ni daladala na bodaboda. Sasa nimepata mkopo wa SACCOS na nimetenga milioni 11 kwa ajili ya gari yangu ya kwanza. Dalali amenionyesha Toyota IST ile ya mwanzo, ya mwaka 2004, injini ya 2NZ, namba ya usajili yenye herufi za DH. Mwenye gari anataka milioni 10.5 na anasema mwisho kabisa ni 10.2.

Jumamosi nilikwenda kuiona Tabata. Bodi inang'aa, viti vina kava mpya, redio ya skrini kubwa, rimu za kisasa. Nilipofika injini ilikuwa tayari ya moto, mwenye gari akasema ametoka kuiosha. Nikaiendesha kama kilomita mbili. Kuna mambo mawili yananikosesha usingizi. La kwanza, nikitoa gia P kuweka D inakaa sekunde mbili tatu, halafu inashtuka ndipo inavuta. Rivasi ni hivyo hivyo, tena inazidi kidogo. Dalali akaniambia IST zote ziko hivyo. La pili, kwenye matuta nasikia gok-gok mbele kushoto.

Je, hiyo gia ni ya kubadilisha haidroliki (mafuta ya gia boksi) tu, au tayari ni ugonjwa? Na kilomita 86,000 kwa gari ya 2004 inawezekana? Anataka advansi ya 500,000 kabla ya Jumatano, anasema kuna mteja mwingine. Makato ya mkopo yanaanza mwezi ujao na naogopa kulipia gari iliyolala gereji.

Fundi_Gerezani

Mwalimu, advansi usitoe. Huyo mteja mwingine akiinunua, mwache ainunue.

Hilo la "IST zote ziko hivyo" si kweli. IST nzima ukiweka D inashika ndani ya sekunde moja, unahisi tu gari imejikaza kidogo. Gia boksi ya otomatiki inafanya kazi kwa presha ya haidroliki. Pampu inasukuma mafuta kwenye vali bodi, vali bodi inayagawa kwenye klachi za ndani, klachi ndizo zinazoshika gia. Presha ikichelewa kujaa, klachi nazo zinachelewa kushika, na zikishika zinashika kwa kishindo. Hicho ndicho ulichokihisi.

Sababu zinaanzia kwenye nafuu mpaka kwenye maumivu. Haidroliki inaweza kuwa pungufu. Inaweza kuwa imezeeka, au mtu amemimina aina isiyo yake. Inaweza kuwa filta imeziba. Na inaweza kuwa sili za ndani zimekakamaa au klachi zimekwisha, na hapo ni kushusha gia boksi. Kwa maandishi siwezi kukwambia ni ipi, ila dipstiki, kile kijiti cha kupimia mafuta, itakwambia. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia ikiwa P, chomoa dipstiki ya gia boksi, ifute, irudishe, ichomoe tena, kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu au kahawia nyepesi, kuna matumaini. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, hizo ni klachi zimesagika zikaingia kwenye mafuta. Kumwaga hayo mafuta na kuweka mapya hakurudishi klachi iliyokwisha. Nimeona watu wengi wakinunua gari kwa ahadi ya "badilisha tu haidroliki", baada ya mwezi wananiletea kwa kuvutwa.

Ukiwa na dipstiki mkononi soma na maandishi yake. Kwenye IST hizi za mwanzo utakuta imeandikwa T-IV, ndiyo aina ya haidroliki yake. Wapo wanaoweka chochote chenye rangi nyekundu kwa sababu ni bei rahisi, na gia boksi nyingi zinafia hapo.

Mama_Vitz

Pole mwalimu na hongera kwa kuuliza mapema. Kilichonishtua mimi ni injini kuwa ya moto ulipofika. Vitz yangu ya kwanza niliiona hivyo hivyo, ikiwa ya moto, muuzaji akiwa ameshaipasha. Wiki ya pili ikaanza kuchemsha kwenye foleni ya Ubungo. Kumbe gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua na inanywa maji. Kutengeneza hedi na kazi ya fundi vilinimaliza.

Mwambie mwenye gari utakuja saa moja asubuhi na asiiwashe kabla. Shika boneti kwa mkono. Ikiwa ya vuguvugu, rudi nyumbani, utakuja siku nyingine.

Ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Narudia, ikiwa baridi, kwa sababu ya moto itakurushia maji yanayochemka usoni. Ndani unatakiwa kuona kulanti, maji maalumu ya kupooza injini, ya kijani au nyekundu. Ukiona maji matupu yenye rangi ya kutu, ujue imenyweshwa maji ya bomba kwa miaka. Kisha mwombe fundi aiwashe huku wewe unaangalia pale. Mapovu yakipanda mfululizo, na yakiendelea hata baada ya dakika kadhaa, moshi wa injini unaingia kwenye maji. Angalia pia chini ya mfuniko wa oili ya injini. Ukikuta utando kama chai ya maziwa, achana nayo.

Dereva_wa_Chalinze

Mimi naona mnamtisha mwalimu. Kuhusu gok-gok asipoteze usingizi. Kwa barabara zetu, stabilaiza linki na bushi za wishboni, vipuri vidogo vya miguu ya gari, ni kama soli za viatu, zinalika na unabadilisha. Linki mbili za mbele ni kazi ya nusu saa. Ila akaze jicho kwenye shokapu: akikuta limelowa mafuta, limekufa, na shokapu hubadilishwa mawili kwa pamoja. Na azungushe usukani mpaka mwisho, aendeshe taratibu kwenye duara, kulia na kushoto. Akisikia ka-ka-ka-ka, hiyo ni draivu shafti, chuma kinachozungusha tairi.

Kuhusu haidroliki pia nimeona gari zilizokuwa na mafuta pungufu tu, zikaongezwa zikapona. Asiikatae kabla ya kuipima.

Fundi_Gerezani

Chalinze, hatubishani. Ndiyo maana nimesema dipstiki kwanza. Ila ikiwa pungufu, swali linalofuata ni mafuta yamekwenda wapi. Gia boksi haili mafuta kama injini iliyochoka, yakipungua yanavuja. Alale chini aangalie sili za draivu shafti na bakuli la mafuta la chini ya gia boksi.

Mzee_wa_Bandari

Nimefanya kazi ya kutoa magari bandarini kwa miaka mingi, nitasema la kilomita tu.

Japani gari dogo la binafsi hukaguliwa kwa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na kilomita huandikwa. Gari likiuzwa nje hutoka na cheti cha kufutiwa usajili, na kilomita za ukaguzi huonekana humo. Mwombe mwenye gari nakala, au amwombe aliyemuuzia. Wengi hawanayo, lakini kuuliza ni bure, na namna atakavyojibu nayo utaisikia.

Asipokuwa nayo, tumia macho. Gari la kilomita 86,000 haliwezi kuwa na mpira wa kanyagio la breki uliolika mpaka chuma kinaonekana. Usukani haung'ai kama kiti cha mbao cha kanisani. Vua hizo kava mpya, tazama ubavu wa kiti cha dereva, pale anapoteleza akishuka. Namba DH maana yake limekuwa hapa nchini miaka kadhaa. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anamaliza kilomita 12,000. Piga hesabu mwenyewe uone kama 86,000 inakaa. Lakini mwalimu, hata ikiwa ni 180,000, gari lililobadilishiwa oili kwa wakati ni bora kuliko la 86,000 lililoachwa. Injini hizo za NZ zinatumia cheni, si mkanda wa taimingi, na kinachoua cheni ni oili chafu.

Kaka_Tegeta

Kwa nini usiagize mwenyewe Japani? Unapata gari safi.

Mzee_wa_Bandari

Kwa milioni 11, kwa gari la mwaka huo, haitoshi. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake gari lililozidi miaka 10 lina ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, aweke mwaka na aina aone. Kodi peke yake itakula zaidi ya nusu ya fedha yake.

Dada_Magomeni

Naongeza moja ambalo halijasemwa: mafuriko. Gari nyingi za Dar zimeshazama, Jangwani na hata Tabata bondeni. Kuzama hakuonekani kwenye bodi. Vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho wake kabisa, kwa sababu muosha magari hafiki huko. Ukikuta mstari wa matope au harufu ya uvundo, gari ilikunywa maji. Nyanyua zulia la mbele, angalia reli za viti kama zina kutu.

Na ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameizima makusudi.

Usisahau kuangalia faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Akisema kadi ni ya shemeji yake, shemeji aje.

Mwalimu_Mlandizi

Wakuu, mrejesho. Asanteni sana, kwa kweli mmenisaidia kuliko mnavyodhani.

Sikutoa advansi. Alhamisi nilikwenda na fundi, nilimlipa 40,000. Tulifika saa moja na nusu, boneti ilikuwa baridi. Kwenye rejeta kulikuwa na maji rangi ya kutu. Mapovu hayakuwepo, oili haikuwa na utando. Mikanda ya viti misafi. Ila mpira wa kanyagio la breki umelika upande wa kulia mpaka chuma kinaonekana, kama alivyosema Mzee.

Kisha dipstiki ya gia boksi. Kimo kilikuwa sawa, haikupungua. Tone likaacha doa jeusi kwenye karatasi na harufu niliisikia nikiwa nimesimama pembeni. Gari ikiwa baridi, rivasi ilichukua karibu sekunde tano. Nikaelewa kwa nini Jumamosi waliipasha. Fundi akamwambia mwenye gari wazi kwamba bei iondolewe thamani ya gia boksi. Nikasema 8.7. Akakataa. Nikaondoka, nakiri roho iliniuma, maana nilishaanza kujiona ndani yake.

Jana jirani yangu kanionyesha IST nyingine hapa hapa Kibaha, ya muuguzi mstaafu. Namba DC, rangi imepauka juu ya paa, mlango wa nyuma una mkwaruzo mrefu. Kilomita 171,000. Lakini mama yule ana daftari la shule lenye kila oili aliyobadilisha, tarehe na kilomita, tangu ameinunua. Gia inaingia papo hapo, ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Haidroliki kahawia nyepesi. Kadi ni jina lake. Milioni 9.3. Nimeinunua leo, tumeandikishana kwa wakili.

Kuna jambo moja. Ile taa ya bluu ya injini baridi inakaa muda mrefu sana, nikitoka Mlandizi asubuhi inazima nikiwa karibu kufika, na kwenye mteremko inawaka tena. Ni tatizo?

Mama_Vitz

Hongera sana mwalimu! Umenifurahisha. Hilo daftari lina thamani kuliko rimu.

Fundi_Gerezani

Hongera. Taa hiyo kwa kawaida inasema themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imekwama wazi au haipo. Mafundi wengi hapa nchini wakiona gari imechemsha mara moja wanaichomoa na kuitupa, wanadhani wamesaidia. Bila themostati injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani bado ni asubuhi, na petroli hiyo inaingia kwenye oili. Gari itakunywa mafuta na injini italika taratibu. Mwulize yule mama kwa upole kama gari iliwahi kuchemsha, na rejeta na feni viangaliwe kabla ya kuirudisha.

Kwa servisi ya kwanza: oili 5W-30, inaingia kama lita 3.7 pamoja na filta. Ukifungua nati ya haidroliki zitatoka lita 3 hivi, nyingine zinabaki kwenye torki konveta. Rudisha kiasi kile kile cha T-IV, rudia baada ya kilomita elfu kadhaa, usikubali isukumwe yote kwa mashine mara moja. Breki pedi zikibaki milimita 3, badilisha. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, maana tairi ya zamani inapasuka hata ikiwa na meno.

Mwalimu_Mlandizi

Fundi amefungua sasa hivi. Themostati haipo kabisa, ni kopo tupu. Mama anasema ilichemsha mara moja, hozi ilipasuka, na ndipo ikatolewa. Rejeta iko sawa na feni inawaka. Fundi anakwenda Kariakoo kesho, achukue ipi?

Fundi_Gerezani

Ya nyuzi 82, na mpira wake mpya, asirudishie wa zamani. Akishafunga ajaze kulanti, si maji ya bomba. Kifuniko cha rejeta kibaki wazi tangu injini ikiwa baridi, hita ya ndani ifunguliwe mpaka mwisho wa joto, injini iungurume huku akiongeza kulanti kidogo kidogo hewa inavyotoka, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Hapo ndipo afunge. Kesho yake asubuhi, kabla hujawasha, angalia kimo tena.