Kwa nini mnara wa Emley Moor ulijengwa kwa zege?

Mkaazi wa Leeds

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Leeds, na kila ninaposafiri kwa treni kwenda Huddersfield huuona mnara wa kurushia matangazo wa Emley Moor ukiwa juu ya kilima, mnene chini na mwembamba juu, wa zege tupu hadi karibu na kilele. Mitambo mingine mikubwa ya aina hiyo nchini Uingereza, kama Belmont kule Lincolnshire na Winter Hill kule Lancashire, ni milingoti ya chuma inayoshikiliwa na nyaya, ambayo bila shaka ni rahisi na nafuu zaidi kuijenga. Jirani yangu mzee ameniambia kwamba hapo palikuwa na mlingoti wa chuma ulioangushwa na dhoruba. Naomba mwenye kuifahamu historia hii anieleze kwa ukamilifu.

Fundi wa Masafa

Ndugu Mkaazi, swali lako ni zuri. Mnara unaouona ni wa tatu kusimama mahali hapo kama mtambo wa kudumu. Wa kwanza ulikuwa mnara wa vyuma vilivyosukwa, wenye urefu wa mita 135, nao ulianza kurusha matangazo ya ITV, mtandao wa televisheni ya kibiashara, tarehe 3 Novemba 1956, miezi sita tu baada ya Winter Hill. Wakati huo Lancashire na Yorkshire zilihesabiwa kuwa eneo moja la utangazaji, ambapo kampuni ya Granada ilitangaza siku za kazi na kampuni ya ABC mwisho wa juma.

Katikati ya miaka ya 1960, kwa kuwa televisheni ilikuwa ikihamia masafa ya juu zaidi yaitwayo UHF, yanayohitaji antena iliyo juu zaidi ili mawimbi yavuke vilima, ulisimamishwa mlingoti wa pili wenye urefu wa mita 385. Sehemu yake kubwa ilikuwa bomba la chuma lenye kipenyo cha karibu mita 2.75, lililoshikiliwa na nyaya. Yorkshire Television, kampuni mpya ya ITV ya eneo hilo, ilipoanza tarehe 29 Julai 1968, mlingoti huo ndio uliokuwa tegemeo lake.

Ulianguka tarehe 19 Machi 1969, saa kumi na moja na dakika moja jioni. Barafu ilikuwa imeanza kudondoka kutoka kwenye mlingoti na nyaya zake, na barabara za jirani zilikuwa zimekwisha kufungwa kwa muda na halmashauri. Kitabu cha kumbukumbu za zamu kinaeleza kwanza kwamba feni ya monita moja ilizibwa na vumbi ikasafishwa na kutiwa mafuta, kisha, kwa utulivu uleule wa mwandiko wa kazi, kwamba mlingoti umeanguka na kukatiza njia ya Jagger Lane, polisi na makao makuu wamearifiwa, na fyuzi za umeme zimetolewa. Kanisa la Kimethodisti la karibu liliharibiwa, lakini hakuna aliyejeruhiwa. Naamini uamuzi wa kuzifunga barabara unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

BBC2 ilirejea hewani baada ya siku mbili na ITV baada ya siku nne, kwa milingoti midogo ya dharura. BBC1 haikuathirika, kwa sababu ilirushwa kutoka Holme Moss, mtambo wa BBC uliofunguliwa mwaka 1951.

Mhandisi Majengo

Naomba kurekebisha jambo moja katika maelezo ya jirani yako. Mlingoti ule haukuangushwa na dhoruba. Upepo wa wastani unaovuma kwa kasi isiyobadilika unapopita kwenye bomba laini la mviringo, nyuma yake hujiviringisha hewa upande mmoja kisha upande wa pili kwa zamu, na kila zamu hulisukuma bomba kidogo kwa ubavu. Misukumo hiyo ikilingana na mtikisiko wa asili wa bomba lenyewe, kuyumba huongezeka mpaka chuma kinashindwa kuvumilia. Upepo mkali wa vishindo huuvuruga mpangilio huo, na ndiyo maana siku tulivu inaweza kuwa ya hatari zaidi kwa bomba la namna hii. Jioni ile barafu ilikuwa imeganda kwenye nyaya bila usawa, na mambo hayo mawili yakakutana.

Mnara wa zege haukuchaguliwa kwa ajili ya sura. Kampuni ya Arup ilibuni kitu kinachojisimamia chenyewe, kizito, kisicho na nyaya za kubeba barafu: zege la mita 275, lenye kipenyo cha mita 24 chini linalopungua hadi mita 6 juu, na antena ya mita 55 juu yake. Ulianza kurusha matangazo ya UHF Januari 1971, na hadi leo ndio jengo refu kuliko yote yanayojisimamia bila nyaya nchini Uingereza, likilizidi hata ghorofa la The Shard la London. Tangu mwaka 2002 umo katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria.

Kesi iliyofuata ndiyo hunigusa zaidi. Mwaka 1964, wenye mtambo walipouliza kuhusu kuyumba, kampuni ya BICC iliyobuni mlingoti iliwaandikia kwamba imeridhika kabisa kuwa hautayumba kwa hatari. Shauri lilifika Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1980 likaamuliwa kwamba ubunifu ulifanywa kwa uzembe, na kwamba EMI, mkandarasi mkuu, alibeba dhamana ya kazi hiyo ingawa hakuibuni yeye. Wanafunzi wangu huisoma kesi hii, nami huwahimiza waitazame barua ile kabla ya kuitazama michoro.

Mkaazi wa Leeds

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Ikiwa Belmont na Winter Hill zilibuniwa na kampuni ileile katika miaka ileile, mbona zenyewe hazikuanguka?

Fundi wa Masafa

Zilitiwa dawa mapema. Baada ya ajali, ndani ya kila bomba ilining'inizwa minyororo ya chuma yenye uzito wa tani 150 hivi, ambayo mlingoti ukianza kuyumba hugongana na ukuta wa bomba na kuimeza nguvu ya mtikisiko. Belmont ilifupishwa mwaka 2010 kwa kuondolewa sehemu ya juu, lakini bomba lake bado linafanya kazi, sawa na la Winter Hill.