Sarafu za zamani za Ireland, mtu anaanzia wapi bila kupigwa?

Konzi_ya_Sarafu
Wakuu heshima kwenu. Niko huku Dublin, na tangu nikute kopo la sarafu za zamani kwenye soko la mitumba nimepagawa kabisa, mke wangu anasema nimepata mke mwenza. Nilichota konzi moja kwa bei ya soda, kuna za farasi, za samaki, za mbwa, kuku na vifaranga vyake, nyuma zote zina kinubi. Sasa nisaidieni. Zenye madini ya fedha nazijuaje? Halafu hizi ndogo za mbwa nimezijaribu kwenye sumaku, nyingine zinanasa nyingine hata hazishtuki, zinazonasa ndo feki? Na kuna jamaa onlaini anauza florini (ile ya samaki) ya 1943, anasema ni adimu balaa ila kwa vile ana shida ananiachia kwa yuro 80. Nichukue? Baadaye nataka na moja ya kale kweli kweli, ila mfuko wenyewe ni yuro 40 kwa mwezi, msinicheke.

MzeeWaMinada
Karibu kwenye ugonjwa mkuu, dawa yake hakuna.

Za mbwa zisikutie presha. Hiyo ni peni sita, na pamoja na ya sungura (peni tatu) zilipigwa, yaani zilitengenezwa, kwa nikeli tupu kuanzia 1928 mpaka 1940, na nikeli inanasa kwenye sumaku. Kuanzia 1942 wakaleta mchanganyiko wa shaba na nikeli, hapo sumaku haipati kitu. Kwa hiyo soma mwaka kwanza, ukikuta ya 1935 ambayo HAINASI hiyo ndo ya kuitilia shaka.

Fedha iko kwa wakubwa watatu, farasi (nusu krauni), samaki (florini) na fahali (shilingi). Zilizokuwa mtaani mpaka vita vya pili zina fedha asilimia 75, za 1951 kuendelea hazina hata chembe. Usihangaike na mzani, nusu krauni ya fedha na isiyo ya fedha zote zinacheza kwenye gramu 14 na ushee, soma mwaka tu.

Sasa hiyo ya 1943. Florini na nusu krauni za mwaka huo zilipigwa kweli, ila karibu zote zikarudi kuyeyushwa, zilizopenya zikaingia mtaani ni za kuhesabu. Florini yake ni mali ya maelfu ya yuro. Mtu mwenye shida angeipeleka mnadani akamaliza shida zake zote, asingekutafuta wewe na yuro 80. Ya 1942 ipo kibao, na 2 kuigeuza 3 ni kazi ya fundi na patasi ndogo, weka lenzi kwenye ile tarakimu ya mwisho utaona chuma kimesukumwa. Mimi hata bure ningeiuliza maswali.

BintiPwani
Mzee umemaliza, mie naongeza utamu tu. Hao wanyama wana hadithi. Nchi ilikuwa changa, ikaundwa kamati ya kuchagua sarafu na mwenyekiti wake alikuwa Yeats, yule mshairi, na aliyeshinda kuchora ni Mwingereza anaitwa Percy Metcalfe. Basi michoro ikapelekwa kwa wataalamu wa kilimo, wakaanza kumkosoa fahali, wakamkosoa na nguruwe wa nusu peni kwamba hajakaa kama nguruwe wa kufugia 😂 ikabidi warekebishwe. Nguruwe mwenyewe kachorwa akiwa na watoto wake pembeni, mamangu alipomuona kwenye albamu yangu alisukuma albamu yote kule.

Na sasa kwa sie wa huku, ukipata ile shilingi ya East Africa ya 1937 na kuendelea, ya Mfalme George wa sita, kile kichwa chenye taji kakichonga huyo huyo Metcalfe. Nyumbani kwetu zilikuwepo kwenye kasha la bibi miaka yote. Mimi naziweka ukurasa mmoja, shilingi ya simba na shilingi ya fahali.

Ushauri wangu achana na uadimu kwanza, kusanya wanyama wote wanane wa 1928, kuanzia ndege wa fadhingi (robo peni) mpaka farasi. Nyingi ni bei ya chai.

Konzi_ya_Sarafu
Shukrani sana. Jamaa wa 1943 nimemuomba picha ya karibu amekaa kimya 😅 Swali la haraka, kuna peni nyeusi tii, nikiisugua na dawa ya meno?

MzeeWaMinada
Weka hiyo dawa ya meno chini taratibu. Ule weusi ndo ngozi yake, ukiutoa inabaki inang'aa kama kifungo cha koti na thamani imekwenda. Maji safi kama ina matope, basi. Na usiziweke kwenye plastiki zile laini zinazonuka, zinatoa ukijani.

Fundi_wa_Limerick
Nimechelewa. Umesema unataka ya kale kweli, tafuta pesa za mizinga. Mfalme James wa pili alifukuzwa Uingereza, akaingia Ireland 1689 na jeshi la kulipa ila hana fedha, basi wakayeyusha mizinga iliyopasuka, kengele, masufuria, wakapiga shilingi na nusu krauni za shaba. Ahadi ni kwamba akishinda atazibadilisha kwa fedha halisi. Akapigwa pale mto Boyne, Julai 1690, na William, mfalme aliyemshinda, alipoingia akazishusha thamani, nusu krauni kubwa ikawa peni moja. Fikiria umelipwa mshahara wote kwa hizo.

Utamu wake zimeandikwa mwezi zilipopigwa. Shilingi ina XII juu ya taji na jina la mwezi chini. Shilingi iliyochoka kidogo utaipata ndani ya bajeti yako ya mwezi mmoja au miwili, na umeshika kipande cha mzinga.

Konzi_ya_Sarafu
Daah hii nimeipenda. Nimeiona moja sasa hivi imeandikwa 1689 na chini 8ber, hiyo ni Agosti si ndio?

Fundi_wa_Limerick
Oktoba mkuu, wanahesabu kirumi, Machi ndo wa kwanza. Na ukiona Februari 1689 jua ni mwanzoni mwa 1690 kwa kalenda yetu, maana mwaka wao ulikuwa unageuka tarehe 25 Machi, ndo maana kuna Machi 1689 na Machi 1690 za mwezi ule ule mmoja. Hizo mbili nazitafuta zikae pamoja, ukiziona sokoni kwenu nishtue kabla hujanunua wewe.