Tupeane uzoefu: mtoto akiharisha mliandikiwa dawa gani na mlimpaje?

Wazazi wenzangu habari za jioni. Naomba tuliongelee hili maana linaniumiza, mtaani kwetu mtoto akiendesha kidogo tu watu wanakimbilia Flagyl (antibayotiki), tena wengine ile chupa iliyobaki kwa kaka yake, wanakadiria kwa kijiko cha chai basi. Wangu wa mwaka na nusu aliharisha majimaji tupu na kutapika, kituo cha afya wakampima wakaandika ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji) na zinki tu. Bibi yake hakukubali, anataka ya kufunga tumbo. Nesi akamwelewesha kwa upole sana kwamba umri huu mara nyingi ni virusi, antibayotiki haiviui, kinachoondoa watoto ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, masaa 24 yakipita mwaga ukoroge nyingine, na kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100. Nyie je?

mama_wawili: Kwetu ishu ilikuwa zinki. Kidonge cha miligramu 20, kuanzia miezi 6 anapewa kizima kwa siku, chini ya hapo nusu, unakiyeyusha kwenye kijiko na maziwa ya mama uliyokamua. Sasa choo kikikaza tu watu wanaacha jamani!! Ni siku 10 mpaka 14 zote hata kama kapona, inamkinga asiharishe tena miezi miwili mitatu ya mbele. Mi nilikuwa natia alama kwenye kalenda ya ukutani. Na kunyonya aendelee, chakula pia msimnyime.

baba J: Wangu alikuwa kila akinywa ORS anairudisha yote. Daktari akasema akitapika subirini dakika 10 afu muanze tena kijiko kimoja kimoja, taratibu. Usiku mzima mi na wife tunapokezana, asubuhi akakojoa, yaani ule mkojo tulishukuru Mungu.

muuza_dawa: Niko duka la dawa. Mzazi akiniomba Imodium, ile ya kufunga tumbo, ya mtoto simuuzii, inapunguza mwendo wa utumbo, kwa mdogo tumbo linaweza kujaa na kusimama kabisa. Antibayotiki ina kazi yake, choo chenye damu au kipindupindu, ila lazima apimwe aandikiwe kwa uzito wake. Na antibayotiki ya unga kwenye chupa ongeza maji mpaka kwenye alama ya chupa, tikisa kila unapompa, pima kwa sirinji. Ikibaki usiitunzie mdogo wake.

dada_wa_Tanga: Wa dada yangu alitoa damu na kamasi, akaandikiwa cipro (antibayotiki) siku 3, akamaliza zote japo siku ya pili alishaanza kucheza. Mkiona damu msikae nyumbani. Pia macho yakiingia ndani, analegea hashtuki, hawezi kunywa, au ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, hapo nendeni usiku huo huo, njiani mnaendelea kumnywesha.

mleta mada: Asanteni sana. Nina swali, akitapika zinki muda uleule unarudia au unasubiri kesho?

muuza_dawa: Ikiwa haijapita nusu saa mpumzishe kidogo umpe kingine. Ikishapita mpaka kesho muda wake.