Ukoo wa Mzee Iddi, Kondoa: mgeni wa Alhamisi

*Jumatatu*

Shangazi Rehema, 19:04
Asalaam aleykum wanafamilia. Narudia niliyoandika juzi. Lotte, rafiki wa Sauda kutoka Uholanzi, anapanda basi Alhamisi asubuhi hapa Dodoma. Anakaa siku tisa. Ana begi lake mgongoni na hema, hoteli hataki, kukimbizwa na ratiba hataki. Anataka apumzike, atembee milimani, apande Kolo aone ile michoro ya kale ya miambani. Naomba nijue: nani anampokea stendi, analala wapi, nani ana gari la kumfikisha Kolo?

Shangazi Rehema, 19:40
Mmesoma watu 14.

Bakari, 19:52
👍🏾

Shangazi Rehema, 19:53
Bakari mwanangu, kidole hakimpokei mgeni.

Bakari, 19:55
Shikamoo shangazi. Nampokea mimi na pikipiki. Ila begi lisiwe kama la yule wa mwaka juzi. Begi lilikaa kwenye siti, mwenyewe akatembea pembeni mpaka nyumbani

Zuhura, 19:56
😂😂😂 na mlenda akala sufuria zima

Juma Mdogo, 19:56
Akaomba na wa kuondoka nao kwenye chupa ya maji 😂😂

Shangazi Rehema, 19:58
Jamani. Analala wapi? Chumba cha mama kipo kitupu tangu tumalize arobaini. Mwezi huu Kondoa kuna baridi na upepo, sitaki mtoto wa watu alale kwenye turubai uani wakati nyumba ipo.

Zuhura, 20:01
Chumba kipo shangazi, ufunguo je? Aliyeondoka nao tunamjua wote

Shangazi Rehema, 20:02
Zuhura, hilo tuliache.

*Jumanne*

Sauda, 06:31
Shikamooni wote, ndio naona meseji. Lotte hana makuu. Chuoni anasoma mambo ya udongo, kwa hiyo Kolo ni siku moja tu. Siku nyingine anataka kutembea polepole kwa miguu mpaka Haubi, aone ziwa na yale makorongo, na miti ilivyorudi baada ya Hado, ule mradi wa serikali wa kuhifadhi ardhi Dodoma, kuondoa mifugo yote 1979. Amesoma habari zake huko kwao, anataka azungumze na watu waliokuwepo

Zuhura, 06:40
Waliokuwepo si wapo humu humu. Awaulize na ng'ombe wa babu walishukia wapi wasipande tena 😂 Pikapu ya bamdogo nayo ina historia yake

Juma Mdogo, 06:41
😂😂😂 Zuhura utafukuzwa

Shangazi Rehema, 06:47
Zuhura futa hiyo.

Shangazi Rehema, 06:55
Turudi kwa mgeni. Kolo asiende kienyeji. Anapita kwanza ofisi ya michoro pale Kolo, analipa kibali, anapewa mtu wa kumwongoza. Pale ni urithi wa dunia tangu 2006, si jabali la kwenda kuchezea. Bakari, wewe ulipanda mwaka jana, mweleze Sauda amwandae mwenzake.

Bakari, 07:20
Kweli shangazi. Gari linakuacha chini, mwisho mnapanda kwa miguu na pana mwinuko hasa. Avae viatu vinavyoshika mwamba. Na asimwagie michoro maji. Siku ile kuna jamaa alifungua chupa ili rangi ikolee apige picha, mwongozaji akamnyang'anya hata kabla hajainamisha mkono. Mimi niliiona kwa karibu, watu wembamba warefu, wekundu, vidole utadhani vimechorwa na unywele. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniita

Baba Mdogo Salimu, 09:15
Nimekaa kimya humu miezi minne. Leo mmelitaja gari langu. Lile gari nimelinunua kwa alizeti, gunia kwa gunia, na mke wangu anajua tulivyolala njaa. Baba yangu amekufa anaitwa mwizi wa ng'ombe na watoto wa kaka zake. Mgeni tafuteni gari lingine.

Shangazi Rehema, 09:18
Salimu kaka yangu, usifike huko. Mtoto ametania vibaya.

Shangazi Rehema, 09:19
Zuhura omba radhi.

Zuhura, 11:02
Nisamehe bamdogo. Sikujua limekukaa hivyo.

Simu ya Hawa (kwa Babu Iddi), 13:37
Hawa hapa. Babu nimemsomea yote, anasema niandike kama anavyotamka.

"Ng'ombe walikuwa kumi na saba. Amri ilipokuja mifugo ishuke, tuliwaswaga usiku mimi na baba yake Salimu, mchana majirani walikuwa wanatutazama huku wanalia. Huko bondeni ndigana, ugonjwa wa kupe, iliwamaliza kabla ya mvua ya pili. Wa mwisho nilimchinja mimi kwa mkono wangu, alikuwa yule mwenye baka jeupe. Baba yake Salimu hakuuza hata mmoja. Niliona aibu kurudi kusema, nikanyamaza, yeye akabeba. Deni ni langu, si la Salimu."

Simu ya Hawa (kwa Babu Iddi), 13:41
Na anasema mgeni akitaka kupanda Mongomi, lile jabali la michoro pale Kolo, apite kwanza kwake. Pale wazee bado wanaombea mvua, mtu haingii bila kusalimia.

Shangazi Rehema, 14:30
Tumesikia baba mkubwa. Shikamoo.

Bakari, 14:52
Shikamoo babu

Zuhura, 15:10
Shikamoo babu. 🙏🏾

Baba Mdogo Salimu, 20:48
_Ujumbe huu umefutwa_

Baba Mdogo Salimu, 20:59
Hawa, mwambie baba mkubwa kesho baada ya alfajiri nakuja.

Shangazi Rehema, 21:03
Alhamdulillah. Salimu, na gari la Kolo?

Baba Mdogo Salimu, 21:20
Klachi inateleza. Mpaka fundi aione.

Shangazi Rehema, 21:21
Fundi anaiona lini? Mgeni ni keshokutwa.

*Jumatano*

Shangazi Rehema, 08:12
Salimu?

Mama Mwanaidi, 10:26
Rehema mdogo wangu, godoro nimelianika tangu asubuhi. Mlango bado umefungwa, hivyo kwa sasa nimeliweka sebuleni.